Mahudhurio ya Mashine

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani na Bujora aliacha kusalimiwa na kijiji chake kizima kwa sababu kompyuta moja iliyokuwa Kirumba, mjini Mwanza, ilisema ina memori nusu ya ile iliyotakiwa kuwa nayo. Aliyeitoa habari hiyo kwenye kioo cha kompyuta na kuifikisha kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, alikuwa mwalimu wangu wa taipu. Hakuwa mwanamke mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki amemaliza kwa kumlaani, na mimi nilimfahamu kwa muda mrefu mno kuweza kuishia hapo.

Tulimwita Mwalimu tu. Kabla ya hapo alikuwa katibu muhtasi katika ofisi za ushirika wa pamba, enzi zile ambapo pamba yote ya wakulima ilipitia mlango mmoja. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, mlango ule ulibaki wazi na hakuna aliyeingia. Watu wakapunguzwa kazi. Wengine waliondoka na viti na meza za ofisi badala ya kiinua mgongo. Yeye alichagua mashine za taipu, akazipandisha kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la mitumba, akabandika karatasi mlangoni kwamba wanafunzi wanapokelewa.

Nilikwenda kwake kwa sababu mhariri mmoja aliniambia kuwa hasomi mwandiko wa mkono. Darasani wavulana tulikuwa wawili, wengine wote wasichana. Siku ya kwanza Mwalimu alinishika mikono, akaigeuza huku na huku kama mtu anayenunua sato sokoni.

"Vidole hivi ni vya kushika kasia," akasema. "Lakini tutajaribu."

Alifundisha kwa rula. Aligonga meza, nasi tukapiga herufi kwa mapigo yake, vitufe vimefunikwa kitambaa ili tusichungulie. Aliyekosea hakuchapwa. Aliambiwa asimame asome kwa sauti kile alichokipiga, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake, mpaka darasa zima licheke. Msichana mmoja aliyeitwa Sabina, mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole vyake, alijaribu siku moja kujitetea.

"Mwalimu, mimi nilidhani nimepiga K."

"Usiniambie unavyodhani. Nisomee."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake: nisomee. Mtu akimletea habari ya moto uliotokea Mabatini, yeye aliuliza nani kauona. Mimi nilipomweleza kwamba nataka kuandika kwenye magazeti, aliniambia kuwa mwandishi anayedhani ni mpiga ramli, tena bora mpiga ramli, kwa sababu yeye hupewa kuku. Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo na yamenifaa kazini. Ndiyo maana inaniwia vigumu kueleza yalivyomharibia mtu mwingine maisha.

Alikuwa na mambo yaliyopingana. Matangazo ya vifo yalipoanza redioni, alisimamisha somo, akasimama wima mpaka yaishe, hata kama marehemu ni wa Kigoma na hamjui. Alituletea mapanki ya sangara ya kukaanga, yale mabaki ya mifupa yanayotupwa na viwanda vya minofu, tukala pamoja kwenye sinia moja, naye akitutolea miba kama watoto. Lakini mwanafunzi aliyefiwa na dada yake na kurudi akiwa amechelewa siku moja kuliko ruhusa aliyopewa, alimwacha amesimama nje mpaka vipindi vikaisha. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ruhusa ilikuwa imeandikwa.

Kisha zikaja kompyuta. Kulikuwa na wafadhili waliokuwa wakizunguka nchi nzima wakitoa mashine kwa shule za wanawake, nao wakamletea chache, pamoja na kijana wa kuzifunga. Mwalimu akazitengea chumba cha ndani. Akalaza kapeti. Hakuna aliyeingia na viatu, na ulinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, hasa kama umekula samaki. Kila mashine aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na mara tu ilipozimwa, ikiwa bado ya moto, aliifunika kwa kitambaa hicho na juu yake nailoni, maana aliogopa vumbi, na zaidi ya vumbi aliogopa wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaosimama juu ya maji kama moshi kisha upepo ukawaleta mjini. Wakija, huingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye kila tundu.

Yeye mwenyewe aliziogopa. Swichi ya ukutani aliibonyeza kwa ncha ya rula. Na kabla ya kuingia chumba kile alibisha hodi, hata kama hakuna mtu ndani. Sabina alikuwa akimwitikia kwa chini chini kwa niaba ya mashine, "Karibu, Mwalimu," nasi tukang'ata midomo.

Yule kijana aliyezifunga ndiye aliyemwonyesha namna ya kuuliza memori. Alimweleza kwamba ndani ya kila mashine kuna vipande viwili, vyembamba, vyenye urefu wa kidole, na kwamba wezi wa mjini wameshavigundua. Hawaibi kompyuta nzima siku hizi, alisema, wanachomoa memori wanatia mfukoni, na mwenye mali haoni tofauti, anaona tu mashine imekuwa nzito kufanya kazi. Lakini huna haja ya kufungua ili kujua. Andika herufi tatu, m, e, m, bonyeza kitufe cha kuingiza, nayo itakutolea mistari kadhaa. Soma jumla iliyo chini. Kama haijapungua, mali yako ipo.

Mwalimu alilipenda jambo lile kuliko yote aliyofundishwa. Hapo kulikuwa na kitu unachokiuliza swali, nacho hakijibu kinavyodhani. "Mashine haina mjomba," alituambia. Kuanzia siku ile darasa halikufungwa bila mahudhurio. Jioni, kila mmoja alisimama nyuma ya kiti chake, akapiga zile herufi tatu, na Mwalimu akaziita mashine moja moja. Mwanafunzi alisoma namba. Zote zilipaswa kusema elfu nane mia moja tisini na mbili. Tuliziimba namba hizo mpaka zikawa kama kiitikio kanisani.

Mlinzi alisikiliza mlangoni, pekupeku kama sisi. Huyu ndiye Mzee Mabula. Alilinda jengo lote, akilala kwenye korido, na siku za Jumapili alikwenda kwake upande wa Kisesa kuangalia mashamba na mke wake. Funguo za chumba kile zilikuwa mbili, moja ya Mwalimu na moja yake. Namba zilipokwisha kusomwa, aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, kama mtu anayepokea ng'ombe kutoka malishoni.

"Mwalimu, wamelejea wote?"

"Wote, Mzee Mabula. Hata ndama."

"Basi nifunge zizi."

Walicheka hivyo kila jioni. Nadhani ndiye mtu pekee aliyemtania Mwalimu na kutaniwa naye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, baada ya Jumapili ya wadudu. Walikuwa wamekuja wengi, tukawafagia asubuhi na kuwazoa kwa pakacha. Jioni Mwalimu akaita mashine ya dirishani, ambayo ilikuwa ya Sabina.

"Nisomee."

"Elfu nne tisini na sita, Mwalimu."

"Umesoma mstari mwingine."

"Ni uleule."

Mwalimu akaja, akainama, akaufuata mstari kwa kidole bila kugusa kioo. Akaamuru izimwe, iwashwe tena. Mashine ilipoamka ikahesabu yenyewe juu pembeni, kama ilivyo kawaida, na ikaishia palepale nusu. Akaamuru mara ya tatu. Sabina hakuwa na mzaha wowote.

"Wamelejea wote?" akauliza Mzee Mabula.

Mwalimu alinyoosha mkono, akamwomba funguo.

Alikwenda polisi kesho yake asubuhi na sisi wawili, mimi na Sabina, tukiwa mashahidi. Askari wa zamu aliandika kidogo, akaacha.

"Mama, mlango umevunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Kuna mtu kamwona mzee na hicho kitu?"

"Hakuna."

"Ushahidi sasa uko wapi?"

"Kwenye kioo cha kompyuta. Njoo usome."

Askari akamgeukia mwenzake. "Huyu anataka tumweke babu ndani kwa sababu televisheni imesema." Wakacheka sana. Mzee Mabula akahojiwa mchana ule, akaachiwa jioni. Alirudi Kirumba akiwa na hakika kwamba mambo yamekwisha. Alimkuta Mwalimu kwenye ngazi, akamwambia neno ambalo nililisikia kwa masikio yangu.

"Mwalimu, ng'ombe akilala nyuma ya jiwe, anayehesabu hamwoni. Lakini yupo. Ifungueni hiyo mashine mwangalie ndani."

"Hairuhusiwi kufunguliwa," Mwalimu akasema. "Mkataba unasema ni fundi wao tu wa Dar es Salaam."

"Basi mwiteni."

"Nimeshamwita."

Ni kweli alimwita. Alipiga simu kutoka posta, akatuma ujumbe. Mashine ilikuwa na skrubu nne za kawaida nyuma, na bisibisi ilikuwa dukani hapo chini kwenye mitumba. Sabina alijitolea kuileta. Mwalimu alimtazama kama aliyetoa tusi. Kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa.

Fundi hakuja. Katika kumngoja ndipo mtu mmoja wa jengo lile alipomwambia Mwalimu kwamba polisi hawawezi kitu, lakini kwao Mabula kuna sungusungu, na sungusungu hawachezewi. Jumapili iliyofuata alikwenda, nami nikamsindikiza. Tulikaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira wa shule, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mtemi wa sungusungu, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, akampa Mwalimu nafasi aseme.

Alisema vizuri mno. Hakumtukana Mabula. Alieleza kwamba mashine hii, kabla ya kufanya kazi yoyote, hujihesabu. Jumamosi ilijihesabu ikawa kamili. Jumatatu ikajihesabu ikawa nusu. Kati ya siku hizo mbili, mwenye funguo aliyekuwa karibu alikuwa mmoja, usiku wa Jumamosi, kabla hajaondoka kuja huku nyumbani. Wazee wale walikuwa wafugaji. Hawakuwahi kuona kompyuta, ila kuhesabu jioni na kukuta pungufu walikujua tangu utotoni. Niliona vichwa vikitikisika kwa kukubali. Ng'ombe wakirudi pungufu, anaulizwa mchungaji.

Mtemi akauliza swali moja tu. "Mama, hiyo mashine imewahi kukosea?"

Mwalimu akafikiri. Nilimwona akitafuta kumbukumbu zake zote kwa uaminifu.

"Haijawahi," akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililommaliza Mabula. Aliambiwa akiri na atoe ng'ombe mmoja aliwe na kijiji, mambo yaishe, au atengwe. Mke wake alikuwa akilia kwa sauti upande wa wanawake, akimsihi atoe tu. Mzee akasimama.

"Nikimtoa ng'ombe," akasema, "nitakuwa nimeiba kweli."

Wasioijua adhabu ile huiona ndogo. Hakuna anayekupiga. Ila hupewi moto wala chumvi, huchoti kisimani wakati wenzako wanachota, salamu yako inaanguka chini haiokotwi, na ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Aliyevunja amri akakusemesha, anatengwa naye. Mke wa Mabula alivumilia kwa muda, kisha akarudi kwa kaka zake Misungwi. Mzee akabaki na nyumba. Kazi ya ulinzi alikuwa ameshaipoteza.

Nikamaliza masomo, nikapata kazi ofisini kwenye kiwanda cha minofu huku nikisubiri gazeti liniite. Ni huko nilikoona jambo lile kwa mara ya pili. Asubuhi moja, tena baada ya wadudu wa ziwani, kompyuta ya mhasibu ilijihesabu ikawa nusu. Nilipiga kelele kwamba tumeibiwa. Fundi akaifungua. Vipande vyote viwili vilikuwa ndani. Kimoja kilikuwa kimelegea kidogo kwenye kitako chake, na meno yake ya shaba yalikuwa na ukungu. Akaomba kifutio cha penseli, akayasugua, akapuliza, akakibana mpaka kikalia ka! Mashine ikawashwa, ikahesabu mpaka mwisho.

"Joto," akasema. "Na uchafu. Memori inakuwepo lakini mashine haiioni."

Jioni ile nilikwenda Kirumba mbio. Chumba cha ghorofani kilikuwa kinashonewa nguo. Mafundi cherehani wakaniambia kwamba mradi wa wafadhili uliisha, lori likaja likazibeba kompyuta zote, likiwa na dereva tu, bila fundi. Mwalimu alikuwa amehama. Walidhani yuko Nyakato, au Igoma. Nilimtafuta siku za mapumziko, sikumpata, kisha gazeti likaniita na nikaanza kusafiri.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Nilikuwa nimekwenda Kisesa kuandika habari za bei ya pamba, na nilipokuwa nikingoja usafiri wa kurudi mjini, nikaona mama mmoja akishuka kwenye gari la mizigo, kashika dumu tupu la njano na furushi la khanga. Alikuwa amekonda. Nilimtambua kwa namna alivyosimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe wa kasia." Akaniangalia vidole. "Umekuwa mwandishi?"

"Nimekuwa."

"Unadhani bado?"

"Nasoma kwanza."

Alitabasamu kidogo. Nilimsindikiza huku nikimuuliza anakwenda wapi na dumu, akasema kwa Mzee Mabula, kumchotea maji. Watu wa kijiji hawaruhusiwi, lakini yeye si wa kijiji. Huja anapoweza, humletea mafuta ya taa na unga. Ni yeye peke yake aliyekuwa akizungumza naye. Niliona wakati umefika wa kumweleza nilichokiona kiwandani. Nikaanza: joto, wadudu, kipande kimelegea.

"Najua," akanikata. "Kinasuguliwa kwa kifutio."

"Umejua lini, Mwalimu?"

Alihamishia dumu mkono wa pili.

"Nilikwenda kwa mtemi," akasema. "Nikamwambia kwamba mashine inaweza kusema nusu na vyote vikawa ndani. Akaniambia vizuri, itisha mkutano, simama pale ulipokuwa umesimama, useme neno moja: hakuiba. Tutamrudisha siku hiyohiyo."

"Si ndiyo useme!"

"Nimelisoma wapi?"

"Mwalimu, kwa hali hii..."

"Nisikilize. Mara ya kwanza nilisema kitu ambacho sikukifungua. Sasa unataka nisimame palepale niseme kingine ambacho sikukifungua?"

"Lakini hiki kinamwokoa mtu."

"Hata kile nilidhani kinaokoa," akasema. Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Nikisema hakuiba na kumbe aliiba, je? Nikisema aliiba na kumbe hakuiba, nimeshasema. Yote mawili sijui. Ninachokijua ni namba tu."

Aliniambia kwamba anaitafuta ile mashine. Alikwenda Musoma, ambako mtu alimwambia kwamba zimepelekwa kwenye shule ya wasichana. Zilizokuwa huko hazikuwa zile. Aliwahi kupanda meli mpaka Bukoba kwa uvumi mwingine. Alikuwa ametia alama ya wino nyuma ya kila moja, kwa hiyo ataijua. Akiipata, ataomba ruhusa ifunguliwe mbele yake, halafu ndipo ataitisha mkutano. Nilimwambia kwamba Mzee Mabula ni mtu mzima, pengine hawezi kungoja.

"Anakohoa," akakubali. "Juzi aliniuliza nani atamchimbia."

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu. Kila nikitua dumu ananiuliza kitu kimoja: Mwalimu, umeiona? Namwambia bado. Ananiambia pole na safari."

Tulikuwa tumefika kwenye njia ya kuelekea kisimani. Wanawake waliokuwa wakichota walimwona, wakachukua ndoo zao ambazo nyingine zilikuwa hazijajaa, wakasogea pembeni kimya mpaka apite. Hawakumsalimu. Yeye aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kisha akainama akaanza kujaza.

Gari langu lilikuwa limefika barabarani. Nilipanda nikiwa na habari ya pamba niliyoifuata. Baadaye nilipiga simu kwa wale wafadhili, nikaambiwa kwamba kompyuta za Mwanza ziligawanywa upya kanda ya ziwa na kwamba zilizoharibika ziliuzwa kama vyuma chakavu. Hawakuwa na uhakika ile ya dirishani ilikuwa katika fungu gani, na hakuna kati yao aliyekumbuka kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuifungua.